Gitaa lenye sahihi ya nyota: Unalipia sauti au unalipia jina?

IWAPO una kijana nyumbani anayepiga muziki, huenda mjadala huu umekwisha kufika sebuleni kwako. Kwangu ulifika Jumapili moja baada ya chakula cha mchana. Dada yangu alikuja na mwanawe, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu, akaketi, akakataa chai, kisha akaniambia: "Hebu zungumza na mpwa wako. Mimi nimeshindwa."

Kisa na maana? Gitaa la besi.

Kijana huyu hupiga besi kanisani, na mwishoni mwa wiki huitwa kupiga katika harusi. Kwa karibu miaka miwili alikuwa akidunduliza pesa ili anunue chombo chake mwenyewe, aache kuazima kile cha kanisa ambacho kila Jumapili jioni lazima kirudi kabatini. Pesa alizokuwa nazo zilitosha kununua besi nzuri. Hazikutosha kununua ile aliyoitaka, kwani hiyo ilikuwa na nyongeza mbili: sahihi ya mwanamuziki mashuhuri wa ng'ambo kwenye kichwa chake, na rangi ya samawati inayometameta mithili ya gari jipya. Ndugu yake wa rafu ya chini, mweusi, asiye na sahihi ya mtu, aliuzwa kwa thuluthi mbili za bei hiyo. Mama alitakiwa ajazie pengo. Na kwa hesabu za dada yangu, pengo hilo lilikuwa kodi ya nyumba ya miezi miwili.

"Mjomba, si jina tu," kijana akajitetea.

"Ni nini basi?" mama akadakia.

Kijana akanyamaza. Nami pia nilinyamaza, msomaji, kwa sababu sikuwa na jibu la kumpa yeyote kati yao. Niliwaomba wanipe majuma mawili. Haya utakayoyasoma ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, kwa wale ambao hawajawahi kukitazama chombo hiki kwa makini. Besi ni lile gitaa lenye shingo ndefu na nyuzi nne nene, ambalo sauti yake huisikii kwa masikio pekee bali pia huihisi kifuani ukisimama karibu na spika. Ukitaka kujua kazi yake, sikiliza tena "Sina Makosa" ya Les Wanyika, bendi iliyoundwa hapa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki waliotoka Simba Wanyika. Safari hii usimsikilize mwimbaji. Fuata ile sauti nzito inayotembea chini ya magitaa mengine. Utashangaa kugundua kwamba unaijua kwa moyo, na kwamba umekuwa ukiicheza kwa mabega miaka yote hii bila kuuliza ni nani anayeipiga. Aliyeipiga besi ya Les Wanyika ni Tommy Malanga. Nimezunguka katika maduka mengi ya ala za muziki, na sijaona besi hata moja yenye jina lake.

Besi ya umeme ya kisasa ilianza kuuzwa mwaka 1951 huko Fullerton, California, nchini Marekani. Aliyeiunda ni Leo Fender, fundi wa redio ambaye, amini usiamini, hakujua kupiga gitaa. Kabla yake, mpiga besi alibeba lile dude la mbao linalosimama wima, refu kumshinda mtu, lisiloingia ndani ya gari na ambalo sauti yake ilimezwa na ngoma. Fender aliliweka begani kama gitaa la kawaida, akalitia freti, yaani vile vyuma vinavyokatiza shingo, ili kidole kikibonyeza kipate noti barabara bila kubahatisha. Ndiyo maana aliliita Precision. Mwaka 1960 akaongeza aina ya pili, Jazz Bass, yenye shingo nyembamba zaidi.

Precision za mwanzo zilikuwa na rangi moja ya manjano mpauko. Baadaye ikaja ile ya machweo: njano katikati, ikikolea taratibu hadi weusi ukingoni. Hiyo ndiyo iliyokuwa rangi ya kila mtu. Lakini wateja ni watu, na watu hawapendi kufanana. Walianza kuomba nyekundu, samawati, nyeupe. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 60, Fender walikuwa na karatasi maalum yenye vipande vya rangi, kama ile unayoonyeshwa dukani unapotaka kupaka nyumba. Mteja alichagua, akaongeza asilimia 5 juu ya bei ya kawaida, akasubiri.

Je, rangi zenyewe walizitoa wapi? Hapa ndipo nilipocheka peke yangu. Zilikuwa rangi za magari! Fender hawakuwa na kiwanda cha rangi. Walinunua mikebe ya kampuni ya DuPont, ile ile iliyouziwa watengenezaji wa magari. Nyekundu waliyoiita Fiesta Red ilikuwa ya Ford Thunderbird ya 1956. Lake Placid Blue, samawati yenye chembechembe za kumeta, ilikuwa ya Cadillac. Surf Green ilitoka kwa Chevrolet. Kijana wa Marekani ambaye hangeweza kununua Cadillac maishani mwake aliweza kuivaa begani Jumamosi usiku.

Sasa jiulize: rangi hubadilisha sauti? Wapo wanaoapa kwamba vanishi nyembamba ya zamani iliuacha ubao upumue. Kwa gitaa lisilo na uwazi ndani, ambalo sauti yake hutokana na sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi, mimi simwamini anayeniambia kwamba nyekundu inalia vizuri kuliko nyeusi. Rangi hubadilisha kitu kingine. Vanishi ya zamani, ya nitroselulosi, hugeuka njano kwa miaka. Nyeupe iliyopakwa mwaka 1962 leo ni kama siagi, na samawati imeelekea kijani. Inachubuka pale mkono unapoegemea, inapasuka nyufa ndogo ndogo kama udongo wa kiangazi. Chombo kinazeeka pamoja na mwenyewe.

Na binadamu asivyokosa vituko, miaka ya 90 Fender wakaanza kuuza magitaa mapya yaliyochubuliwa makusudi kiwandani yaonekane makuukuu. Mteja analipa zaidi kwa ajili ya mikwaruzo. Nilipomweleza dada yangu hili alitazama kiti changu cha sofa kilichochanika, akaniuliza kama nimefikiria kukiuza.

Tuache rangi kidogo tuje kwenye jina, maana hapo ndipo pesa ya dada yangu ilipokwama.

Desturi ya kuweka jina la msanii kwenye gitaa ni ya zamani. Gibson, kampuni nyingine ya Marekani, ilikuwa na gitaa la mwimbaji Nick Lucas tangu miaka ya 1920, na mwaka 1952 ikatoa lile la Les Paul ambalo linauzwa hadi leo. Fender walichelewa: gitaa lao la kwanza la aina hiyo lilikuwa la Eric Clapton, mwaka 1988. Besi zikafuata miaka ya 90, wakianza na ya Stuart Hamm. Tangu hapo mlango haujafungwa. Karibu kila kiwanda kikubwa kina orodha yake ya mastaa.

Mpango wenyewe si mgumu kuuelewa. Kiwanda kinapata jina linalovuta vijana dukani. Msanii, kwa kawaida, hupata kiasi fulani kwa kila chombo kinachouzwa, ingawa mikataba hutofautiana. Na mnunuzi? Hapo ndipo swali lilipo. Njia rahisi niliyoipata ya kulijibu ni hii: lifute lile jina akilini mwako, kisha utazame kilichobaki.

Chukua mfano wa Marcus Miller, Mmarekani aliyepiga na Miles Davis. Besi yake ya tangu ujana ni Jazz Bass ya 1977, lakini haikubaki ilivyotoka kiwandani. Fundi mmoja wa New York, Roger Sadowsky, aliifungua akaitia kikuza sauti kidogo ndani yake ili sauti iwe kali na safi wakati Miller anapozipiga nyuzi kwa dole gumba. Fender walipotoa besi yenye jina lake mwaka 1998, waliuza ugunduzi huo pamoja na jina. Futa jina, na bado kuna kitu ndani ya ubao. Isitoshe, mwaka 2015 Miller alijiunga na kampuni ya Sire ya Korea, na besi zao zenye jina lake zikauzwa kwa bei ya chini mno zikilinganishwa na za Fender zinazoundwa Marekani. Jina likashusha bei badala ya kuipandisha! Sikutarajia hilo.

Au mtazame Geddy Lee wa bendi ya Rush ya Canada. Alikuta Jazz Bass nyeusi ya 1972 katika duka la vitu vya rehani mjini Kalamazoo, Michigan. Akailipia dola 200 hivi. Ikaja kuwa kipenzi chake studioni, na mwaka 1998 Fender wakaunda nakala zake zikiwa na shingo nyembamba na zikiwa nyeusi vile vile. Angalia jinsi mambo yanavyogeuka: chombo cha mkono wa pili ambacho mtu mwingine alikitupa ndicho ambacho vijana sasa wanakinunua kikiwa kipya.

Kisha kuna Jaco Pastorius. Huyu alikuwa na Jazz Bass ya 1962 isiyo na freti hata moja. Ule ubao wa shingo aliupaka epoksi ngumu ya mashua, aina ambayo fundi yeyote wa boti angeitambua, ili nyuzi zisiule. Sauti yake ikawa kama ya mtu anayeimba. Wapiga besi wa dunia nzima wakaanza kung'oa freti zao. Mwaka 1986 besi hiyo iliibwa New York, na Pastorius akafariki mwaka 1987 akiwa na miaka 35. Besi yenye jina lake ilitoka yeye akiwa kaburini. Ile halisi ilipatikana tena mwaka 2006, na Robert Trujillo wa Metallica akasaidia kuikomboa ili isipotee tena.

Hao watatu walibadilisha chombo. Lakini si wote. Kuna besi ambazo tofauti yake na ndugu zake wa rafu ya chini ni bamba la dhahabu, rangi na maandishi. Ukilifuta jina, kilichobaki ni risiti.

Nikubali pia kwamba nyingine hupendeza hata zikiwa hivyo. Steve Harris wa Iron Maiden ni shabiki sugu wa West Ham United, na Precision yake moja iliyouzwa madukani ilikuwa nyeupe ikiwa na nembo ya West Ham mwilini. Hebu fikiria shabiki wa Arsenal hapa Nairobi, anayempenda Iron Maiden, akiwa na pesa mkononi! Naye Flea wa Red Hot Chili Peppers, mtu ambaye hupanda jukwaani karibu uchi, ana Jazz Bass iliyonakiliwa kutoka kwa besi yake ya 1961. Ni ya waridi mpauko. Wanaume wenye ndevu wanainunua.

Lakini kuna mtu mmoja ambaye kila nilipofikiri nimemaliza kazi hii alinirudisha nyuma. Huyo ni James Jamerson.

Jamerson alizaliwa mwaka 1936 katika jimbo la South Carolina, akahamia Detroit, mji wa magari. Huko, kampuni ya santuri ya Motown, iliyoanzishwa na Berry Gordy mwaka 1959, ilikuwa na chumba kidogo cha kurekodia ndani ya nyumba ya kawaida, na kundi la wanamuziki waliojiita Funk Brothers ndio waliopiga karibu kila kitu kilichotoka humo. Marvin Gaye, The Supremes, The Temptations, Stevie Wonder, The Four Tops: besi unayoisikia nyuma yao katika miaka ya 60, mara nyingi mno, ni ya Jamerson. Zaidi ya nyimbo 20 alizopiga zilifika nambari moja Marekani. Wazazi wako walizisikia redioni. Wewe umezisikia kwenye matangazo ya biashara.

Alipiga kwa kidole kimoja tu cha shahada, kilichojikunja kama ndoano. Nyuzi zake zilikuwa nzito na hakuzibadilisha mpaka zikatike. Aliamini uchafu wake ndio utamu wake. Na besi yake ilikuwa ipi? Precision ya 1962, rangi ya machweo. Ile ya kila mtu. Hakuna rangi ya kuagiza, hakuna bamba la dhahabu. Kwenye kisigino cha shingo alichonga mwenyewe neno moja: FUNK. Hiyo ndiyo sahihi pekee iliyokuwa kwenye chombo hicho, na hakuna aliyemlipa kwa ajili yake.

Kwa miaka mingi majaladani hapakuwa na jina lake. Watu walijua mwimbaji, basi. Ni mwaka 1971, katika albamu ya Marvin Gaye ya "What's Going On", ndipo jina la Jamerson lilipoandikwa ipasavyo. Mwaka 1972 Motown ikahamia Los Angeles, na Jamerson, ambaye pombe ilikuwa imeanza kumla, hakuupata tena ule uwanja aliokuwa nao Detroit. Besi yake iliibwa siku chache kabla ya kifo chake. Alifariki Agosti 1983, akiwa na miaka 47. Besi hiyo haijapatikana hadi leo. Heshima zilikuja baadaye: mwaka 2000 aliingizwa katika Jumba la Heshima la Rock and Roll, na kampuni ya nyuzi ya La Bella huuza pakiti ya nyuzi nzito iliyo na jina lake. Nyuzi, ambazo yeye mwenyewe hakuwa mteja wao mzuri.

Msomaji, ukiniuliza kama watengenezaji wa ala wanapaswa kutoa besi zenye sahihi za wasanii, siwezi kukujibu bila kumfikiria mtu huyu. Wanaosema kwamba biashara ya sahihi ni ujanja wa kuwakamua vijana wana ushahidi mwingi. Lakini kama biashara hiyo ingekuwapo mwaka 1965, na kama kiwanda kingekuwa na macho ya kumwona mtu aliyeketi nyuma ya mwimbaji, Jamerson angeingiza senti kadhaa kila kijana alipojaribu kumuiga. Si pesa za kumtajirisha. Lakini angekuwa na karatasi yenye jina lake ambayo hakuna mlevi wala mwizi angeweza kuiondoka nayo. Tatizo langu na sahihi, kwa hivyo, si kwamba zipo. Ni kwamba aghalabu huenda kwa yule ambaye tayari anajulikana, na humpita aliyeunda sauti.

Wauza duka nao wana kilio chao, na ni cha haki. Fundi mmoja anayeuza na kutengeneza magitaa katikati ya jiji alinifanyia hesabu kwa kidole juu ya kioo cha kabati lake. Aina nne za besi, kila moja kwa rangi sita, ni besi 24. Zote ni pesa zilizolala. Ile ya samawati itatoka wiki ya kwanza, na ya zambarau itakaa hapo mpaka nyuzi zishike kutu. Ndiyo sababu maduka yetu yamejaa nyeusi na za rangi ya machweo. Na wanaotumia mkono wa kushoto, akaniambia, hawaulizi hata rangi. Wakiipata moja tu, wanashukuru. Hapo nikamkumbuka Paul McCartney wa The Beatles. Mwaka 1961 akiwa Hamburg alinunua besi ya Höfner yenye umbo la fidla kwa pauni 30 hivi, na sababu mojawapo aliyoitoa ni kwamba pande zake zinalingana, hivyo mtu wa mkono wa kushoto akiigeuza haonekani kichekesho. Höfner wakauza besi hizo kwa maelfu ya watu waliotaka kufanana naye. Hiyo ya 1961 iliibwa London mwaka 1972, na ikatangazwa kupatikana Februari 2024, baada ya miaka 51. Wezi na wapiga besi, jamani, wana historia ndefu.

Majuma mawili yalipokwisha nilimwita mpwa wangu, peke yake. Tulikaa na karatasi ya maelezo ya ile besi aliyoitaka na ya ile nyeusi, tukazilinganisha mstari kwa mstari. Mbao: sawa. Shingo: sawa. Sumaku: sawa. Daraja la nyuzi: sawa, ila la dhahabu. Tulipofika chini alikuwa amejua, nami sikusema neno.

"Basi ni jina," akasema.

"Na rangi," nikamkumbusha.

Hapo ndipo aliponiambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mama yake. "Mjomba, unajua harusini hakuna mtu anayemwona mpiga besi? Wanampiga picha mwimbaji. Wanampiga picha mpiga kinanda. Mimi nikiwa nyuma na gitaa jeusi, hata video ya harusi hunikata. Nilitaka tu kitu ambacho mtu akikiona atasema, ni nani yule?"

Nilimwelewa. Nilimwelewa kuliko alivyodhani, kwa kuwa nilikuwa nimetoka kusoma habari za Jamerson usiku kucha. Ila nilimwambia hivi: rangi ni yako, itakufanya uonekane wewe. Sahihi ni ya mtu mwingine. Mtu akisogea karibu aulize ni nani yule, atasoma jina ambalo si lako.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huo, nawe una ruhusa ya kuukataa. Viwanda vitoe rangi, nyingi iwezekanavyo, na kwa nyongeza ndogo kama ile asilimia 5 ya zamani, kwa maana ni furaha isiyomdhuru mtu. Sahihi vitoe kwa aliyeongeza kitu ndani ya ubao, na karatasi ya maelezo iseme wazi ni kitu gani. Mzazi unayeombwa kujazia pengo, omba karatasi hizo mbili na ukae nazo mezani na mtoto wako. Uliza pia imeundwa nchi gani, maana jina lile lile la msanii linaweza kuwa kwenye chombo cha bei ya juu na kwenye cha bei nafuu, na picha ya tangazo haikuonyeshi tofauti. Kisha uliza kama amekumbuka kuweka akiba ya amplifaya. Kijana wetu hakuwa ameikumbuka. Besi ya umeme bila amplifaya ni fimbo yenye nyuzi.

Hatimaye alinunua besi ya mkono wa pili kutoka kwa mwanamuziki mmoja wa hotelini aliyekuwa akiiacha kazi hiyo. Nyeusi, imara, ina mikwaruzo ya kweli ambayo hakuna aliyetozwa zaidi kwa ajili yake. Chenji ilitosha amplifaya ndogo na mfuko wa kubebea. Mama hakuongeza hata senti moja, akakubali chai.

Jumamosi iliyofuata tuliibomoa mezani pangu. Tuling'oa nyuzi, tukafungua shingo, tukatoa sumaku na waya, tukaweka parafujo ndani ya kikombe. Kiwiliwili kilichobaki tulikizungushia gazeti tukakipeleka Grogan, kwa fundi mmoja anayepuliza rangi za magari. Mpwa wangu alikuwa na picha ya samawati aliyoitaka. Fundi alikishika kile kipande cha mbao, akakigeuza huku na huku, akaitazama picha, akakuna kichwa.

"Rangi hii ninayo," akasema. "Lakini niambieni kwanza, ni ya gari gani?"